Siku Niliyoibia Mtihani wa Kuwa Baba

Wengi wenu mmekula chakula changu bila kujua jina langu. Kama ulisoma sekondari mahali popote kati ya Nakuru na Kuresoi, na siku moja ukapewa githeri ya mahindi na maharagwe yasiyokwaruza meno, huenda niliipika mimi. Jina ni Simiyu, lakini nyinyi mlikuwa mkiniita Shefu, mkiinua sahani na kupiga kelele, "Shefu, ongeza supu bwana!"

Sasa nimestaafu. Magoti yamekataa kusimama mbele ya sufuria, na kijana yeyote anayenitembelea hapa Nakuru huniuliza siri ya ile githeri. Siri yenyewe ni fupi: loweka maharagwe tangu jana yake, na ukiongeza maji, yawe moto. Ukimwagia maji baridi sufuria inayochemka, maharagwe hukaza, na hata ukimaliza kuni zote hayatalegea. Basi. Hilo halihitaji mtu kuketi na kalamu. Ninalotaka kuwaandikia ni jingine kabisa, na nikilikumbuka mpaka leo nashindwa kutulia kitini: siku nilipoona watoto wa shule wakiwafundisha wazazi wao kulea. Nilikuwa humo darasani, na nilikuwa mmoja wa wanafunzi wabaya kuliko wote!

Niliacha shule darasa la sita. Msidhani ni kwa kukosa akili au karo. Niliacha kwa sababu lori la viazi lilikuwa linarudi Kuresoi, nami nilitaka kuona linakotoka. Nikaona. Kisha nikataka kuona kulikokuwa mbele ya hapo. Babu yangu alitoka magharibi kuja Nakuru kufanya kazi ya reli, na nadhani mwendo wa treni uliingia kwenye damu ya ukoo ukaniangukia mimi peke yangu. Ndugu zangu wote wametulia.

Lakini nilisoma, tena sana, na nilisomea jikoni. Shule huwapa wapishi daftari kuukuu za kuwashia moto. Wenzangu walikuwa wakizichana bila kuangalia. Mimi nilikuwa nikikaa juu ya gogo na kusoma kwanza. Nimesoma historia ya Misri nikingoja maji yachemke. Nimejua moyo una vyumba vinne. Na nimesoma insha, mamia ya insha, "Siku Ambayo Sitaisahau" za kila aina, na humo ndimo nilimoanza kugundua kwamba watoto humwambia mwalimu kwenye karatasi mambo ambayo nyumbani hawajamwambia mtu.

Aliyenifundisha kazi ni mama mmoja aliyeitwa Truphena, mpishi mkuu wa shule yangu ya kwanza, mkono wake mzito kama mlango. Wiki ya kwanza niliweka chumvi, yeye akaweka chumvi bila kujua nimeshaweka, nami nikaona aibu kusema. Wanafunzi walikunywa maji siku nzima kama ngamia. Hakunigombeza. Alinipeleka mahali pa kuoshea vyombo, akaniambia, "Usiangalie sufuria imeisha au haijaisha. Angalia sahani zinarudi vipi." Tangu hapo nikawa nasoma sahani. Sahani ya mtoto mgonjwa hurudi imechokorwa pembeni. Ya aliyeshiba vitafunio hurudi na kilima katikati. Na ya mtoto mwenye jambo moyoni hurudi kama ilivyokwenda, kijiko kikiwa kimelala juu yake kisafi. Ukiiona hiyo, mtafute mwenyewe kabla ya chai ya saa nne. Niliwatafuta wengi. Nilikuwa mtaalamu! Lakini yule wa kwangu mwenyewe alikuwa akila nyumbani kwangu, na sahani yake aliiosha mwenyewe.

Huyo ni binti yangu, Nafula. Mama yake alikuwa ameenda Saudia kufanya kazi ya nyumba, kwa hivyo tulibaki wawili, na kila nilipohamia shule mpya nilimhamisha pia. Tulikaa Njoro, tukakaa Molo, tukashuka Ndabibi kwa mama yake mdogo muhula mmoja, tukapanda tena. Alipoingia kidato cha pili tulikuwa shule moja kule Kuresoi, mimi jikoni, yeye darasani, na tulipewa kijumba cha mabati nyuma ya ghala la mahindi. Ilikuwa shule yake ya sita. Mimi nilikuwa nikijisifu: mtoto wangu ameona nchi!

Sasa, ili muelewe ule mtihani ulivyozaliwa, lazima niwakumbushe mambo ya "kuja na mzazi". Mwanafunzi akikosea, hufukuzwa aende alete mzazi. Mzazi akija, husimamishwa mbele ya meza akasemwa pamoja na mtoto wake, na wakiwa njiani kurudi nyumbani mtoto huchapwa kwa sababu ya aibu ile. Kwa hivyo wanafunzi walikuwa wakikodi wazazi. Msicheke, mnajua mmefanya. Mimi mwenyewe nimewahi kuwa mjomba wa bandia wa kijana fulani kule Molo, kwa malipo ya kupasuliwa kuni wiki nzima. Nilivaa koti, nikakunja uso, nikamwambia naibu wa mwalimu mkuu, "Huyu kijana ametuangusha sana kama familia." Naibu akaniuliza, "Familia gani, mzee?" Hapo nikagundua sikuwa nimeuliza jina la kijana. Nilipasua zile kuni mwenyewe.

Kule Kuresoi, mwalimu wa ushauri alikuwa Mwalimu Chepkoech, mwanamke mfupi mwenye macho yasiyosahau sura. Muhula mmoja aliona kwamba mwendesha bodaboda mmoja alikuwa mjomba wa wanafunzi wanne: Mkipsigis, Mkikuyu, Mkisii na Mluhya. Wengine wangewaadhibu wote wanne. Yeye aliwaketisha akawauliza, "Kwa nini mnaogopa kuwaleta wenyewe?"

Kijana mmoja, Kiprono, mrefu kama mlingoti, akajibu, "Mwalimu, wakija hawatatusaidia. Hawatujui."

"Hawawajui vipi, na wamewazaa?"

"Wapatie mtihani uone."

Hivyo tu. Neno la mzaha, na Mwalimu Chepkoech hakucheka. Alimwambia, "Haya, utungeni." Wakautunga! Wiki mbili kikundi chake kilikutana karibu na jiko langu kwa sababu ya joto, wakibishana maswali, nami nikisonga ugali na masikio yamesimama. Niliwapelekea hadi chai. Nilifurahi kama mtu anayesikia nyumba ya jirani ikifunuliwa paa. Haikunijia kabisa kwamba na mimi ni mzazi.

Wiki ile ya pili mimi nilikuwa na furaha yangu ya siri. Chuo kimoja cha Nakuru kilikuwa kinatafuta mpishi, na nilikuwa nimeenda kuona jiko lao. Vijana, sijawahi kuona kitu kama kile! Sufuria za mvuke, kubwa kama tangi, zinazoinamishwa kwa kuzungusha usukani kama wa trekta. Hakuna moshi, hakuna jivu. Niligusa ule usukani nikasikia moyo unapiga. Nikawaambia nakuja muhula ukiisha. Nafula sikumwambia. Nilitaka iwe zawadi ya ghafla: tunarudi mjini!

Jumatano Mwalimu Chepkoech akaja kwenye dirisha la jikoni.

"Mzee Simiyu, unajua binti yako ameomba uhamisho?"

Nilidhani ametaja mtoto mwingine. "Nafula? Kwenda wapi?"

"Ndabibi. Anataka kukaa kwa mama yake mdogo. Mama huyo amekubali, na shule ya huko ina nafasi. Kilichobaki ni sahihi yako."

"Nani amemkosea hapa?"

"Hilo sikwambii mimi. Kesho kutwa kuna darasa la wazazi. Njoo."

"Lakini mimi ndiye napikia hao wazazi."

"Pika mapema."

Jioni ile nilimwangalia Nafula akifanya hesabu mezani. Nilitaka kumuuliza. Nilifungua mdomo, nikamuuliza kama kuna majani ya chai. Akasema yapo. Ndivyo tulivyokuwa tukizungumza, vijana: majani ya chai, mafuta ya taa, umefunga mlango. Na mimi ndiye mtu niliyejua moyo una vyumba vinne.

Ijumaa wazazi walijaa. Walikuja wakulima wa viazi na matope kwenye buti, akina mama na vikapu, baba mmoja na suti ya harusi. Walidhani wataambiwa habari za karo na ujenzi wa choo. Wakaketishwa kwenye madawati, kila mmoja na dawati lake, magoti yakigonga mbao. Kiprono akaingia na bunda la karatasi, akafunga mlango, akageuka kuwa msimamizi wa mtihani kuliko wasimamizi wote niliowahi kuona.

"Simu zote mbele. Mzee, hata hiyo ya vitufe. Hakuna kugeuka, hakuna kuazimana kalamu. Muda ni nusu saa."

"Mtihani wa nini, kijana?" akauliza baba wa suti.

"Somo ni mtoto wako."

Kicheko kikazuka, kikazima chenyewe zilipogawiwa zile karatasi. Maswali yalikuwa matano. Jina kamili la mtoto na darasa lake. Rafiki yake wa karibu. Kitu kilichomchekesha hivi karibuni. Kitu anachokiogopa kuliko vyote. Na la mwisho: ni lini ulimwomba msamaha?

Jamani! Mngewaona! Watu wazima walioanza kutokwa na jasho kabla ya swali la pili. Mama mmoja mbele alianza kunong'ona.

"Mathe, unaongea na nani?" Kiprono akauliza.

"Naomba Mungu."

"Omba na mdomo umefungwa."

Baba wa suti alikuwa amefumba mkono wa kushoto. Kiprono akamwendea. "Mzee, fungua mkono." Akafungua. Kwenye kiganja alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino jina la mtoto wake na darasa lake, tangu nyumbani, akiogopa ataulizwa getini. Darasa lenyewe lilikuwa la mwaka uliopita. Hapo hata Mwalimu Chepkoech aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika.

Mimi nilicheka pia, lakini si kwa muda mrefu. Mara ya mwisho kukalia dawati nilikuwa darasa la sita. Niliandika jina: Nafula Simiyu, kidato cha pili. Hapo kalamu ikasimama. Rafiki? Kulikuwa na mmoja Njoro, alikuwa na meno yaliyoachana. Kilichomchekesha? Nilijaribu kukumbuka kicheko chake, nikasikia cha zamani, cha utotoni. Nikatazama kando. Mama Njoki, mkulima wa viazi, alikuwa akiandika kama mtu anayepalilia, mstari baada ya mstari. Karatasi yake ilionekana yote kutoka nilipokaa.

Vijana, niliiba. Baba wa miaka yangu, nikiwa na mvi, nilipinda shingo nikanakili la pili, la tatu na la nne neno kwa neno. Kwenye la tano nilichungulia tena, lakini hapo hata Mama Njoki alikuwa ameinua kalamu anatazama dari.

Nusu saa ikaisha. Kiprono akatangaza, "Sasa wasahihishaji." Mlango ukafunguliwa, wakaingia watoto wetu, kila mmoja na kalamu nyekundu na karatasi aliyoijibu mwenyewe jana yake. Kila mtoto akaketi akitazamana na mzazi wake. Nafula akavuta karatasi yangu.

Akasoma. Akakunja uso. Akainua macho.

"Baba, rafiki yangu ni Chebet?"

"Si Chebet?"

"Chebet hatuongei." Akaendelea kusoma. "'Alicheka sana ng'ombe wetu alipokula kofia ya mchungaji.' Baba. Tuna ng'ombe?"

Nilikohoa.

"'Anaogopa mbwa.' Baba, Molo nilifuga mbwa wawili. Walilala na mimi."

Mama Njoki kwenye dawati la pili akageuka kwa nguvu. "Wueh! Mbwa ni wa Njoki! Na hiyo kofia ni ya mchungaji wetu! Shefu, umeniibia mtoto?"

Darasa zima likapasuka. Watu waligonga madawati. Baba wa suti, ambaye alikuwa amefedheheka peke yake muda wote, alipona pale pale, akaniinulia kiganja chake kama salamu ya chama. Nilicheka hadi machozi, kisha nikamwona Nafula. Yeye hakuwa anacheka. Alikuwa amekunja karatasi yake mwenyewe katikati, anasita kunipa au kutonipa.

"Nionyeshe," nikasema.

Akaisukuma mezani. Swali la nne alikuwa amelijibu kwa mwandiko mdogo: *Naogopa kusikia gunia likikung'utwa.*

Sikuhitaji kuelezwa. Mnajua, kila nilipotaka kuhama, kitu cha kwanza nilichofanya ni kutoa gunia uvunguni, kulikung'uta vumbi nje ya mlango, kisha kutia sufuria zangu. Jumatatu ya wiki ile nilikuwa nimelikung'uta, nikidhani yuko darasani.

"Nilirudi kuchukua kamusi," akasema. "Nikakusikia ukipiga mluzi."

"Mama, ni jiko zuri sana. Nakuru. Lina sufuria za mvuke—"

"Baba, kila tukifika mahali wewe unapata jiko jipya. Mimi napoteza rafiki. Nimechoka kuanza. Kwa mama mdogo angalau najua nitakaa."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza lini?"

Hakusema kwa hasira, afadhali angekasirika. Alisema kama mtu anayeomba apewe jibu la swali la tano. Nami nikampa, hapo hapo, kwenye kelele za watu: nikamwambia nisamehe, Nafula. Neno lilitoka kwa shida kama mfupa wa samaki. Akachukua kalamu nyekundu na kuandika alama juu ya karatasi. Moja kati ya tano. Ya jina.

Msidhani mambo yaliisha hapo. Kukataa lile jiko la Nakuru kulinichukua siku tatu. Nililala nikizungusha usukani ndotoni. Siku ya nne nikawapigia simu nikasema siji, na nikamwambia Nafula nimewaambia. Akasema, "Sawa," akaenda kuteka maji. Fomu ya uhamisho niliitia sahihi vilevile, nikaiacha mezani. Nilimwambia, "Ukitaka kwenda, sitakuzuia. Ni zamu yako kuchagua." Shule ilipofungwa akabeba nguo zake zote na ile fomu, akashuka Ndabibi.

Likizo ile ilikuwa ndefu kuliko muhula. Sikuwa na watoto wa kupikia, na sahani ilikuwa moja. Wakati huo Mama Njoki alinijia mara mbili kuuliza kama kutakuwa na mtihani mwingine, kwa sababu lile swali la tano lilikuwa limemkosesha raha, na alikuwa ameshamwomba Njoki msamaha kwa kumwita mvivu mbele ya wageni. Akaniambia binti alilia, kisha akaosha vyombo vyote bila kutumwa. "Shefu, hawa watoto wana dawa!" alisema, macho yakimwaka.

Jumapili kabla ya kufungua, nilikuwa nikichambua maharagwe mlangoni nilipomwona Nafula akipanda njia, begi mgongoni na vitunguu vya Ndabibi mkononi. Aliviweka chini.

"Umekuja kuchukua vitabu?" nikamuuliza.

"Nimekuja shule," akasema. "Lakini kuna sharti. Ukisikia unataka kuhama, mtu wa kwanza kuambiwa ni mimi. Sio wa mwisho. Wa kwanza."

Nikakubali. Nilidhani ni sharti rahisi!

Vijana, ule mtihani ulifanywa kila mwaka baada ya hapo, na shule za jirani zikaja kuuchukua. Nimeona wazee wakali wakisoma usiku wa kuamkia mtihani, wakiwauliza watoto wao maswali jikoni kwangu. Nimeona bodaboda yule mjomba wa wanne akija kama baba halisi wa mtoto wake mmoja, ameloa jasho. Nyinyi mnaodhani wazazi wenu hawafundishiki, hamjajaribu. Hawakukataa kujua. Hakuna aliyewahi kuwapa swali na kalamu na kungoja wajibu. Wapeni. Na wakiiba, waacheni waibe, mradi msahihishe.

Ile hamu yangu haikufa. Mwaka uliofuata, alasiri moja ya Agosti, ukungu ulipofunguka na barabara ya kwenda Molo ikaonekana yote mpaka mwisho, nikasikia miguu inawasha. Sikujua nataka kwenda wapi. Popote. Nikaacha mwiko, nikavuka uwanja mpaka nyumbani, nikamkuta Nafula amejaza meza kwa vitabu.

"Nafula, nataka kuhama."

Hakuinua kichwa. Kalamu yake ilikuwa katikati ya hesabu.

"Kwenda wapi?"

"Sijui."

"Sawa. Ngoja nimalize hii, halafu tuongee."

Nikavuta kiti. Nikangoja.